Mali Bila Daftari: Nani Anasimamia Kazi za Vyuo Vikuu Ugenini?

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa miaka mingi methali hii imetumiwa kote Afrika Mashariki kuwakaribisha wasomi kutoka ng'ambo. Wamekuja na vitabu, darubini, dawa na fedha, na ni haki kukiri kwamba mara nyingi mwenyeji amepona. Hata hivyo, wahenga hao hao walinena pia kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Suala linalostahili kujadiliwa na wasomi wa leo ni kama jembe hilo limewahi kutolewa, ni nani mwenye mamlaka ya kulitoa, na shamba linalolimwa ni la nani.

Lurambi ni mahali panapofaa sana kuliulizia swali hili. Ndani ya eneobunge hilo umo mji wa Kakamega, na humo kimo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro. Chuo hicho kilichipuka katika enzi za Harambee, miaka ya 1970, kikijulikana kama WECO. Mwaka 2002 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na kwa sheria ya mwaka 2006 kikapata hadhi kamili ya chuo kikuu. Hata majina ya mitaa yanasimulia habari za wageni: Kefinco, mtaa wanamopanga wanafunzi wengi, ulipata jina lake kutokana na mradi wa maji wa Kenya na Finland ulioanza miaka ya 1980. Mashariki ya mji kuna Msitu wa Kakamega, sehemu kubwa pekee iliyobaki nchini Kenya ya msitu wa mvua wa aina ya ile ya Kongo. Kwa sababu ya msitu huo, na kwa sababu ya wingi wa watu na maradhi yao, watafiti wa kigeni hawajakoma kupiga hodi.

Usimamizi unaozungumziwa hapa si neno la makaratasi tu. Maana yake ni mambo manne: nani anatoa ruhusa, nani anatoa hesabu, nani anaelezwa matokeo, na nani anawajibika mambo yanapoharibika. Dai la makala hii ni kwamba katika mawili ya kwanza hatua kubwa zimepigwa. Katika mawili ya mwisho mwenyeji wa kawaida bado amesimama nje ya mlango, na kitu kimojawapo kinachomzuia ni lugha.

Jambo hili si geni

Mafunzo ya chuo kikuu kutoka ng'ambo yalianza mapema katika eneo hili. Makerere ilipopewa hadhi ya chuo kishiriki mwaka 1949, iliingia katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London. Mwanafunzi alisomea Kampala, lakini shahada aliyoitunukiwa ilikuwa ya London. Vyuo vya Nairobi na Dar es Salaam navyo vilipitia njia hiyo hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960, hadi Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoundwa mwaka 1963. Chuo hicho nacho kiligawanyika mwaka 1970, kila nchi ikabaki na chake.

Utaratibu ule ulikuwa wa kikoloni, na kasoro zake ni dhahiri shahiri. Hata hivyo ulikuwa na sifa moja: aliyewajibika alijulikana. Jina la London lilikuwa juu ya cheti, na kwa hiyo London haikuweza kukana ubora au udhaifu wa kilichofundishwa. Lililokosekana ni sauti ya mwenyeji kuhusu maudhui. Ndiyo maana mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka wao mashuhuri wa kutaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe, ili fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo. Hoja yao, ikitazamwa kwa jicho la leo, ilikuwa hoja ya usimamizi: nani anaamua kitakachosomwa hapa?

Tangu wakati huo sura ya mambo imebadilika. Badala ya hati moja ya kifalme na chuo kimoja kikuu, sasa kuna hati za maelewano chungu nzima, miradi ya miaka mitatu au mitano, na wafadhili ambao kila mmoja ana masharti yake. Jambo lililokuwa na mlezi mmoja sasa lina walezi kumi, na mtoto wa walezi kumi aghalabu hulala njaa.

Ziwa, damu na msitu

Mifano mitatu ya Kenya yatosha kuonyesha uzito wa suala hili.

Mfano wa kwanza ni wa Ziwa Bogoria. Mwaka 1992 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester cha Uingereza walichukua vijidudu kutoka katika maji moto ya ziwa hilo. Vimeng'enya vilivyotokana na vijidudu vya Bogoria viliishia mikononi mwa kampuni ya Genencor na kupata matumizi ya viwandani, yakiwemo ya kufifiza rangi ya suruali za jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilijitokeza hadharani kudai fungu la faida. Yaani mgeni aliingia kwa jina la elimu, mali ikatoka kwa jina la biashara, na mwenyeji akazinduka baada ya miaka kumi na zaidi. Funzo halikupotea kabisa, kwani mwaka 2007 shirika hilo lilitia sahihi makubaliano na kampuni ya Novozymes ya Denmark kuhusu kugawana manufaa ya vijidudu kutoka katika maeneo ya hifadhi.

Mfano wa pili ni wa Majengo, Nairobi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa Manitoba nchini Kanada na Oxford nchini Uingereza, waligundua kwamba baadhi ya wanawake waliokuwa wakifanya biashara ya ngono hawakuambukizwa virusi vya UKIMWI licha ya kukabiliwa navyo mara kwa mara. Kinga ya wanawake hao ikawa msingi wa chanjo ya majaribio. Mwaka 2000 ikabainika kwamba upande wa Uingereza ulikuwa umeomba hataza ya chanjo hiyo bila kuwajumuisha Wakenya. Zogo lilikuwa kubwa, mkataba ukaandikwa upya, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikatambuliwa kuwa mmiliki mwenza. Chanjo yenyewe baadaye haikuonyesha nguvu iliyotarajiwa, lakini mgogoro ule ulifundisha jambo la kudumu: urafiki wa maabara si badala ya mkataba.

Mfano wa tatu ni wa Kakamega kwenyewe, na huu ni wa heri kuliko miwili ya kwanza. Tangu mwaka 1979 Marina Cords wa Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani amekuwa akichunguza maisha ya kima wa msitu huo upande wa Isecheno. Ni utafiti mmoja uliodumu kwa zaidi ya miongo minne, jambo la nadra popote duniani. Kati ya mwaka 2001 na 2010 mradi wa BIOTA, uliogharimiwa na serikali ya Ujerumani, ulikusanya wanasayansi wa Kijerumani na wa Afrika Mashariki kuchunguza mimea, ndege, wadudu na matumizi ya msitu, na vijana wa eneo hili wakapata shahada za juu kwa kupitia mradi huo. Kisha, kuanzia mwaka 2012, utafiti ulioongozwa kutoka Marekani uliwaandikisha wanawake wajawazito 8,246 katika kaunti za Kakamega, Bungoma na Vihiga. Lengo lilikuwa kupima kama maji yaliyotiwa dawa, vyoo bora, kunawa mikono na lishe vingepunguza kuhara na kuboresha ukuaji wa watoto. Kamati za maadili za Marekani na ya Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, zilitoa idhini.

Matokeo ya utafiti huo wa mwisho yalitangazwa mwaka 2018 katika jarida la The Lancet Global Health. Yalikuwa ya kushangaza: maji, vyoo na kunawa mikono, kwa namna vilivyotolewa katika utafiti huo, havikupunguza kuhara kwa watoto wala kukuza kimo chao, lishe ndiyo iliyoleta tofauti kidogo. Haya ni maarifa mazito yenye uwezo wa kugeuza sera za nchi. Lakini jarida lile limeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu. Je, ni wajibu wa nani kisheria kuhakikisha kwamba mama aliyetoa mwanawe apimwe urefu na uzito anaelezwa kwamba kipimo kile kilifundisha nini ulimwengu?

Kanuni zipo, pengo liko wapi?

Haitakuwa kweli kusema kwamba hakuna sheria. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 inamtaka kila mtafiti apate kibali cha tume ya taifa, NACOSTI, na mgeni hana budi kujiambatanisha na taasisi ya Kenya. Kanuni za mazingira za mwaka 2006 zinadhibiti uchukuaji wa rasilimali za kijenetiki, na Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inazifunga nchi wanachama kugawana manufaa kwa haki. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inawekea masharti usafirishaji wa taarifa za watu nje ya nchi. Kwa upande wa mafundisho, Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 haimruhusu mgeni kufungua darasa bila idhini ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Katika ngazi ya dunia, Azimio la Helsinki la mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake, linasisitiza ridhaa ya mshiriki anayeelewa.

Pengo limo katika sehemu tatu. Kwanza, vibali vingi humtazama mtafiti mmojammoja, si chuo kilichomtuma. Profesa akihamia chuo kingine, au fedha zikiisha, ahadi alizozitoa kijijini hubaki bila mwenyewe. Pili, taasisi mwenyeji hugeuzwa muhuri. Jina lake hutumika kutimiza sharti la kuambatana, lakini bajeti, sampuli na takwimu husimamiwa kwingine. Tatu, hesabu hutolewa juu wala haitolewi chini: ripoti huenda kwa mfadhili, nakala huenda Nairobi, na kijiji hubaki na kumbukumbu ya magari yaliyopita.

Mali bila daftari huisha bila habari. Vyuo vingi vina daftari la kila kiti na kila meza. Ni vyema pia kila chuo kiwe na daftari la kila makubaliano ya ng'ambo, lenye kuonyesha mwenzi ni nani, fedha ni kiasi gani, sampuli zimekwenda wapi na mwisho wa mkataba ni lini.

Ridhaa ni suala la lugha

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapoingia, wala si kama mtazamaji. Ridhaa haipatikani pasipo maneno, na maneno hayatafsiriwi kwa kubahatisha. Chukua dhana ya kuwagawa washiriki bila upendeleo, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa majaribio mengi. Katika fomu nyingi huelezwa kwamba mshiriki atachaguliwa "kwa bahati nasibu". Kwa mtaalamu, hilo ni neno safi. Kwa mkazi wa Butsotso anayesikia matangazo ya redio kila asubuhi, bahati nasibu ni mchezo wa kushinda pesa. Asiyepata choo kipya atajiona ameshindwa, na aliyepata ataonwa na jirani kuwa amependelewa au amejiunga na jambo la siri.

Chukua pia maneno "utafiti", "uchunguzi" na "matibabu". Mtu aliyevaa koti jeupe, anayeitwa daktari kwa sababu ya shahada ya uzamifu, akisema amekuja kufanya uchunguzi wa damu, mwenyeji ataelewa kwamba amekuja kumtibu. Hakuna aliyesema uongo, lakini ridhaa iliyotolewa imetolewa kwa jambo lingine. Fauka ya hayo, Kiswahili chenyewe si lugha ya kwanza ya wazee wengi wa Lurambi. Wao ni wasemaji wa Olutsotso na lahaja nyingine za Kiluhya. Fomu iliyotafsiriwa kwa Kiingereza cha California na kuwa Kiswahili cha Nairobi bado ina safari moja kabla ya kufika nyumbani.

Kwa hiyo, kamati ya maadili isiyokuwa na mjuzi wa lugha ni sawa na baraza la wazee lisilokuwa na mzee wa ukoo unaohusika. Tafsiri ya fomu ya ridhaa inastahili kupimwa kwa ukali ule ule unaopima kipimo cha dawa: itafsiriwe, irejeshwe katika lugha ya awali na mtu mwingine, kisha ijaribiwe kwa wasikilizaji kabla ya dole gumba kuwekwa. Idara za Kiswahili zina wanafunzi wa isimu na tafsiri wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka. Ni ajabu kwamba kazi hii huachiwa karani wa mradi.

Nyani asisahau kundule

Itakuwa si uungwana kuwakosoa wageni na kuwafumbia macho wenyeji. Vyuo vikuu vya Kenya navyo vimevuka mipaka. Chuo Kikuu cha Kenyatta na kile cha Jomo Kenyatta, JKUAT, vilifungua vituo Arusha na Kigali. Mount Kenya ilifika Kigali, na tawi lake huko baadaye likawa chuo kikuu chenye jina lake, Mount Kigali. Vituo vya Arusha havikudumu. Vilifungwa katika muongo wa 2010. Mwanafunzi wa kituo cha namna hiyo ana wakubwa wawili, tume ya nchi ya chuo na tume ya nchi anamosomea, na wakubwa hao wasipopatana ni yeye anayeumia, kwani ada amekwisha lipa. UNESCO na shirika la OECD zilitoa mwongozo kuhusu elimu ya kuvuka mipaka mwaka 2005, na wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu mwaka 2017. Maneno mazuri hayo hayana budi kufika hadi kwenye dirisha la kulipia ada.

Aidha, kuna tofauti moja ambayo wapenzi wa Kiswahili hawawezi kuinyamazia. Taasisi ya Confucius ilipoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, lugha ya Kichina ilikuja ikiwa na chuo mwenzi, mkataba na mpango. Kiswahili kinafundishwa London, Leipzig, Bayreuth, Napoli, Beijing na katika vyuo vingi vya Marekani. Lakini mwalimu kijana anayetoka Kenya kwenda kukifundisha Marekani chini ya mpango wa Fulbright huenda kwa mwaka mmoja, aghalabu kama mtu binafsi, na hurudi na maarifa yake kichwani bila chuo chake kuwa na fungu katika mtalaa alioutumikia. Lugha imesafiri, lakini mwenye lugha hajasafiri nayo kama taasisi.

Pingamizi na majibu yake

Wapo watakaosema kwamba kanuni nyingi zitawafukuza wafadhili. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa maabara nyingi zingefungwa siku moja tu fedha za nje zikikatika, na ucheleweshaji wa vibali umewakatisha tamaa watafiti wema, wenyeji na wageni. Lakini kinachochelewesha ni ofisi tano zinazoulizana jambo moja. Daftari moja lililo wazi lingepunguza safari hizo.

Isitoshe, mfano wa Eldoret unaonyesha kwamba mgeni mwenye nia njema haogopi jembe. Ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana ulianza mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 2001 ukazaa mpango wa AMPATH wa kupambana na UKIMWI. Umedumu kwa sababu uliwekwa baina ya taasisi na taasisi, tiba ikatangulia utafiti, na wanafunzi wa Moi nao wakaenda Indiana kama wale wa Indiana walivyokuja Eldoret. Njia ilikuwa ya kwenda na kurudi.

Hata wale waliowahi kudhulumiwa wana la kufundisha. Kanuni za TRUST za mwaka 2018, zilizotungwa ili kuzuia watafiti kupeleka nchi maskini yale yasiyoruhusiwa kwao, zilitokana kwa sehemu na sauti za wanawake wafanyao biashara ya ngono jijini Nairobi. Waliokuwa wakihesabiwa sampuli wakawa walimu wa maadili.

Lifanyike lipi?

Yapo mambo manne yasiyohitaji kusubiri sheria mpya. Mosi, kila chuo kikuu, kuanzia na cha Lurambi, kiweke daftari la wazi la makubaliano yake ya ng'ambo, linaloweza kusomwa na seneti, kaunti na mwananchi. Pili, kamati ya maadili iwe na mjuzi wa lugha pamoja na mwakilishi wa wenyeji mwenye kura, asiyekaribishwa kwa ajili ya chai tu. Tatu, hakuna mradi utakaohesabiwa kuwa umekamilika kabla ya muhtasari wa Kiswahili kuwekwa maktabani na matokeo kusomwa katika baraza la chifu, yawe ya kufurahisha au ya kuvunja moyo. Nne, vyuo vya Kenya vinavyotoka nje vijifunge kwa masharti yale yale vinayowadai wageni, na vimtume mwalimu wa Kiswahili kwa jina la chuo na kwa mkataba wa kubadilishana.

Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Haki ya kujua kilichofanywa kwa damu yako, mwanao au msitu wako haiwezi kuwa haki ya wanaosoma Kiingereza pekee. Mgeni na aje, na milango ya Lurambi isifungwe. Lakini siku ya tatu imekwisha fika zamani: apewe jembe, aonyeshwe mpaka wa shamba, na siku ya mavuno wote wawili wahesabu magunia kwa lugha moja.